Kikundi Kinunue Msumeno Gani?

Katika vijiji vya Njombe na Mufindi mlingoti ni nguzo, ni kuni za jikoni, ni kuni za kukaushia chai kiwandani, na mara nyingi ndio ada ya shule. Mvua za kuanzia Novemba zikishalowesha udongo, mlingoti huohuo hung'oka na kulalia njia: barabara ya shambani, njia ya watoto kwenda shule, kijia cha kuteremkia kwenye chanzo cha maji. Kwa hiyo kikundi cha wakulima kinapokaa kuamua kununua msumeno wa mnyororo, chenso kama wengi wanavyouita, kinanunua chombo cha kazi mbili. Kuni hukatwa kwa ratiba. Njia hufunguliwa siku ambayo hakuna aliyeipanga.

Mjadala huu nimeupanga kwa sauti tano ambazo mtu wa huko atazitambua mara moja: Fundi wa mashine wa mjini, Kijana anayeishi kwa kukata miti na kupasua mbao, Mama Mhasibu wa kikundi, Mzee aliyeanza kazi za shamba la miti enzi za msumeno wa watu wawili, na Bwana Misitu. Nami nitaingia kati panapobidi, maana katika suala hili nina upande.

KIJANA: Shikamooni wazee wangu. Mimi sioni hata cha kubishania. Tuchukue mkubwa, wa 72 cc, na baa ndefu ya inchi 25. Ndiyo mashine utakayoikuta kambi yoyote ya mbao. Tukinunua mdogo, siku tukikutana na shina nene tutasimama tunatazamana.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Hilo shina nene unalolisema, kwenye mashamba yetu liko wapi?

FUNDI: Swali zuri. Kuni zetu nyingi tunavuna miti bado michanga, na shina likizidi sentimita 25 unaliita nene. Baa ya inchi 18 ina kama sentimita 45. Na ukikata kwa kuzunguka pande zote mbili, baa hiyo inamaliza gogo nene karibu mara mbili ya urefu wake. Halafu fikiria uzito. Mashine ya 72 cc ina kilo sita na nusu kabla hujaweka baa, mnyororo, petroli na oili. Ya 50 cc ina kama kilo tano. Kwa aliyesimama kambini siku nzima tofauti hiyo si kitu. Kwa anayepanda mlima na msumeno begani, panga mkononi na galoni ya mafuta, ni tofauti kubwa.

KIJANA: Kaka, hapo umesahau kitu. Huku tuko juu. Mashine yoyote ikifika Njombe inachoka.

FUNDI: Sijasahau, na hapo una haki kabisa. Njombe mjini tunakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini ya aina hii hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mashine iliyoandikwa kilowati 2.4 kwenye boksi, huku utapata 1.9 hivi. Ndiyo maana vile vidogo vya 30 cc, vizuri sana kwa kupogoa miparachichi, mimi sivipendekezi kwa kuni za mlingoti. Mlingoti ukikauka ni mgumu, utakilazimisha kifanye kazi isiyo yake. Ninasema 50 cc mpaka 60. Hapo nimeshaweka na deni la mlima.

MZEE: Na anayetoka huku na mashine akateremka bondeni?

FUNDI: Huyo ndiye anayeniletea kazi, mzee wangu. Huku juu kabureta hurekebishwa ili petroli ipungue ilingane na hewa. Mashine hiyohiyo ukiiteremsha Kilombero bila kugusa skrubu, inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Inalia kwa sauti kali, mwenyewe anafurahi anasema leo ina nguvu. Lakini oili ya kulainisha pistoni inakuja ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Jioni injini imenoki. Ukifungua ekzosi na kumulika tochi ndani unaiona pistoni ina mikwaruzo ya wima.

MAMA MHASIBU: Samahani, Fundi. Mimi nina swali dogo. Msumeno wa kikundi, wa kuni na njia za hapa kijijini, unakwenda Kilombero kufanya nini?

(Kimya kidogo. Kijana anatazama chini.)

MAMA MHASIBU: Nauliza kwa sababu naijua njia yake. Mashine ya 72 cc inapasua mbao. Ikishajulikana kwamba inapasua mbao, atakuja mtu wa kuikodi siku tatu. Siku tatu zitakuwa wiki mbili. Pesa ya kukodi italetwa nusu, nusu nyingine imeliwa na spea. Na usiku mti ukiangukia njia ya shule, tutaanza kuulizana mashine iko kwa nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanangu, lakini mali ambayo kila mtu anaitamani hata daftari halitoshi kuilinda.

KIJANA: Lakini mama, mbao ndizo zenye pesa. Kikundi kikikodisha, mashine inajilipa yenyewe.

MAMA MHASIBU: Inajilipa kwa muda gani, na inakufa baada ya muda gani? Hilo ndilo nataka mnijibu.

Hapa lazima niingie, kwa sababu Mama Mhasibu amegusa jambo ambalo wauzaji wa mashine hawaligusi kabisa. Tunapouliza msumeno gani ni wa kuaminika, tunadhani jibu liko kwenye injini tu. Msumeno wa kikundi unaaminika kama upo siku unayouhitaji na unawaka. Ukubwa wa injini unaamua yote mawili. Kupasua mbao kwa mkono, kama inavyofanyika katika misitu yetu, ni kazi ngumu kuliko zote unazoweza kuupa msumeno huu: mnyororo unakwenda kwa urefu wa gogo, injini imekanyagwa mpaka mwisho dakika nyingi mfululizo, na hata meno hunolewa kwa pembe nyingine, nyuzi 10 hivi badala ya 30 za kukata kwa kukingama. Mashine kubwa inavumilia kazi hiyo kwa muda, kwa hiyo itatafutwa na kila mpasuaji. Ya 50 cc haivumilii, na wapasuaji wanalijua hilo, hawataigombania. Kwa kikundi kinachotaka kuni na njia, huo ni ulinzi mzuri kuliko kufuli. Ninashikilia msimamo huu kwa nguvu zote: nunua saizi ya kazi yako, usinunue saizi ya kazi ya jirani.

BWANA MISITU: Na mimi niongeze la kwangu. Msumeno wowote, mkubwa au mdogo, usajiliwe TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kabla haujaanza kazi. Ukikutwa na msumeno usiosajiliwa, hata kama ulikuwa unakata mlingoti wako mwenyewe, maelezo yatakuwa marefu. Tena kikundi kikiusajili kwa jina lake, Kijana hawezi kuupeleka bondeni kirahisi, kwa sababu karatasi zinamtaja mwenye mali.

KIJANA: Bwana Misitu, mbona kila mtu leo ananitazama mimi?

BWANA MISITU: Kwa sababu wewe ndiye utakayeushika, ndugu yangu. Sasa nami niulize. Kwa nini hatuzungumzii ya betri? Nimeiona ikifanya kazi. Haina moshi, haina kelele nyingi, unabonyeza inakata. Umeme kijijini upo.

FUNDI: Ni mashine nzuri, siibezi. Ila tupige hesabu. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama kilowati-saa 9. Injini hizi ndogo zinapoteza nyingi kwa joto, tuseme inabaki moja ya tano, yaani 1.8, ndiyo inayokata mti. Betri moja ya volti 36 yenye ampea-saa 5 ina wati-saa 180. Hata isipopoteza kitu, unahitaji betri kumi kufanya kazi ya lita moja ya petroli. Anayefungua njia, gogo moja hapa na jingine kule, betri mbili zinamtosha. Anayekata kuni za kujaza lori, saa nne asubuhi amekaa anasubiri chaji.

BWANA MISITU: Basi kwa hifadhi na kwa walinzi wa njia inafaa.

FUNDI: Kule inafaa sana. Kwenu nyinyi kuni ndizo nyingi.

MZEE: Na mimi mnisikilize kabla hamjafunga hesabu. Msumeno wa watu wawili upo kwangu, umepakwa mafuta, umening'inizwa. Gogo la sentimita 30 njiani, watu wawili wanaojua kuvuta bila kusukumana wanalimaliza kabla huyu Kijana hajapata petroli. Hauulizi plagi. Hauulizi spea.

KIJANA: Mzee, enzi hizo zimepita.

Hazijapita. Nchini Marekani, katika maeneo ya pori yanayolindwa kwa sheria ya mwaka 1964, mashine za injini kwa kawaida haziruhusiwi, na wafanyakazi wa misitu mpaka leo hufungua njia za miguu kwa msumeno wa kuvuta na shoka. Wanafanya hivyo kwa ratiba na mafunzo, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo ninaposema kikundi kinunue msumeno wa mnyororo, sisemi ule wa Mzee ugeuzwe chuma chakavu. Ubaki ulipo, unolewe, na wawili watatu wafundishwe kuuvuta. Msumeno wa mnyororo ukibanwa na gogo, kitu cha kwanza unachokitamani ni msumeno mwingine wa kuukomboa.

MAMA MHASIBU: Sawa. Saizi nimeelewa. Sasa bei. Dukani kuna wa kampuni kubwa za Ujerumani na Sweden, na kuna ule wa Kichina wenye kibandiko cha 58. Wa Kichina bei yake ni sehemu ndogo tu ya ule mwingine. Mtu wa akiba kama mimi nitaachaje kuuliza?

FUNDI: Uliza, mama yangu, ni haki yako. Kwanza kile kibandiko. Ukubwa wa injini unaupata hivi: kipenyo cha pistoni mara kipenyo, mara 0.785, mara mwendo wake. Pistoni ya milimita 45 yenye mwendo wa 34 inakupa 54 cc. Hesabu hiyo haiwezi kufika 58. Ukipima na kibandiko kinasema kingine, amini kipimo. Pili, siyo kwamba haikati. Inakata. Na spea zake ni rahisi, zimejaa hata maduka ya baiskeli. Tatizo ni kwamba hakuna mbili zinazolingana. Moja inakwenda miaka, nyingine pampu ya oili inakufa wiki ya kwanza, mpira wa mafuta unapasuka, skrubu zinajifungua kwa mtetemo.

KIJANA: Na mtetemo wenyewe unaumiza. Nilishika moja msimu mzima, usiku vidole vinakufa ganzi.

FUNDI: Hiyo ganzi usiichezee. Mashine nzuri ina springi au mipira kati ya injini na mishikio, kazi yake ni hiyo. Ukiwa dukani shika mshikio, usukume mbele na nyuma. Ukiona mshikio unacheza kidogo peke yake huku injini imetulia, vizuri.

MAMA MHASIBU: Na wa kampuni kubwa nitajuaje si feki? Rangi ya chungwa kila mtu anaweza kupaka.

FUNDI: Nunua kwa wakala, udai risiti na kitabu cha dhamana. Namba ya mashine iwe imepigwa kwenye mwili wake, isiwe karatasi tu ya kubandika. Halafu, mama, kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji hivi: niwekee hapa kwenye kaunta, sasa hivi, mnyororo wa ziada, plagi, filta ya hewa, kamba ya kuwashia na pampu ya oili ya mashine hii. Asipoweza, akaanza kukuambia vitaagizwa Dar es Salaam, basi hata iwe ya kampuni gani, usiinunue hapo.

Jaribio hilo la kaunta nalipenda kuliko orodha yoyote ya kilowati. Linampa mtu asiyejua injini uwezo wa kumhoji muuzaji anayejua. Nami ningemshauri Mama Mhasibu aongeze jingine: mashine ikiwa imezimwa na baridi, aishike kwa kishikio cha kamba na kuiacha ining'inie. Injini yenye pumzi itateremka polepole, ikisita kila pistoni inapopanda. Ikiporomoka moja kwa moja hadi sakafuni, haina pumzi. Kwa mashine iliyotumika jaribio hili ni la lazima.

MZEE: Mmezungumza kununua. Kutunza je? Nimeona mashine za bei kubwa zikiuawa na mafuta.

FUNDI: Hapo ndipo penyewe. Petroli inunuliwe kituoni, si ya chupa za barabarani. Oili iwe ya 2T nzuri, mililita 100 kwa lita 5, kama kitabu kinasema moja kwa hamsini. Kipimo, Kijana, si jicho. Mchanganyiko ukikaa zaidi ya mwezi usiutie tena kwenye msumeno.

KIJANA: Na oili ya mnyororo? Sisi tunatia ile chafu iliyomwagwa kwenye magari.

FUNDI: Acheni. Ina vumbi la chuma, inakula baa na pampu, na inakurukia kwenye ngozi siku nzima. Tia oili safi, hata iwe ya bei ya chini. Utajuaje inatoka? Elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe, kanyaga mafuta kidogo. Ukiona mstari wa oili umechorwa kwenye kisiki, endelea na kazi. Na kila petroli inapoisha tangini, tazama tangi la oili: liwe limebaki na kidogo tu. Likiwa bado limejaa, zima, hapo mnyororo ulikuwa unakwenda mkavu.

MAMA MHASIBU: Na kunoa nani anajua vizuri?

KIJANA: Mimi, mama. Tupa ninayo.

FUNDI: Ya milimita ngapi?

KIJANA: Tupa ni tupa, kaka.

FUNDI: Hapana, mdogo wangu. Mnyororo wa .325 unataka tupa ya milimita 4.8. Ule mwembamba wa 3/8 wa mashine ndogo unataka 4.0. Tupa isiyo yake inaharibu mdomo wa jino. Funga baa vizuri, jino likae mbele yako. Sukuma tupa kutoka ndani kwenda nje, usiirudishe ikiwa imegusa. Mipigo mitatu kila jino, sawasawa. Maliza meno yote ya kushoto, geuka, maliza ya kulia. Upande mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine, msumeno utakata kwa kupinda na utadhani baa imeharibika.

Kuna historia fupi inayofaa hapa. Meno hayo ya kushoto na kulia yalitokana na mdudu. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon nchini Marekani, aliinama juu ya kisiki akamtazama buu wa mbawakawa akijitafunia njia ndani ya mti, taya zikikata kushoto na kulia. Mwaka uliofuata alikuwa amebuni mnyororo wa mtindo huo, na minyororo tunayotumia leo ni vizazi vyake. Anayenoa upande mmoja kuliko mwingine ameondoa kile kilichomfanya buu yule apite. Dalili ni rahisi: jino kali linatoa vipande, butu linatoa unga. Ukiona unga, simamisha kazi unoe. Kuukandamiza msumeno butu ndiko kunakochosha injini na mikono, na mkono uliochoka ndio unaoteleza.

MZEE: Sasa niseme la mwisho upande wangu, nalo ni la njia. Mti uliosimama na mti uliolala si mmoja. Uliolalia njia ncha zote mbili zikiwa zimeegemea kingo, katikati unalemea: juu umebanwa, chini umevutwa. Ukikata kutoka juu mpaka mwisho, baa inaumwa. Kata juu theluthi, kisha maliza kutoka chini. Ukiwa umeegemea upande mmoja tu na ncha nyingine inaning'inia, geuza: anza chini kidogo, maliza juu. Na uliong'oka na mizizi yake? Msiruhusu mtoto kusimama karibu na lile shimo. Ukishaukata, kisiki chote kinaweza kurudi shimoni kwa ghafla, na hakuna mkono utakaokizuia.

KIJANA: Hilo la kisiki nimeliona, mzee. Kilirudi kama mlango uliobamizwa.

MZEE: Basi umeshajua. Simama upande wa juu wa mteremko. Na usiguse kitu kwa pembe ya juu ya ncha ya baa, maana hapo ndipo msumeno unapokurukia usoni.

FUNDI: Ndiyo sababu breki ya mnyororo ijaribiwe kila asubuhi. Mashine isiyokuwa na breki, au iliyofungwa breki kwa waya, mimi siitengenezi mpaka breki irudi.

MAMA MHASIBU: Nimeandika. Pesa yetu naigawa hivi. Msumeno wa 50 cc kwa wakala, baa ya inchi 18. Minyororo mitatu, tupa za saizi yake, kipimo cha oili. Helmeti yenye wavu na vizibo vya masikio, na suruali ya kinga, ile yenye nyuzi ndani zinazonasa mnyororo. Kama pesa haitoshi vyote, tunasubiri mavuno mengine. Hatununui mashine leo na suruali mwakani.

KIJANA: Suruali hiyo ni ya joto, mama.

MAMA MHASIBU: Huku kwetu, mwanangu? Utaivaa. Msumeno utakaa kwangu, usajili kwa jina la kikundi. Anayeuchukua anatia saini, anayeurudisha anaurudisha umenolewa. Wa pili wa kufundishwa kukata awe mmoja wa kina mama, ili Kijana akisafiri tusikae tunamngoja. Haukodishwi kwa mbao.

FUNDI: Na mkishakata kuni za matangi matano ya kwanza, mniletee niangalie kabureta na kukaza skrubu zote. Msingoje mpaka ulie.

MAMA MHASIBU: Utaandika kwenye risiti kwamba umeangalia?

FUNDI: Nitaandika, mama, na tarehe.